Ndoo ya Maji ya Zamani: Kisa cha Beta Pandikizi Mjini Nairobi

Asubuhi ya Jumapili moja ya mwezi wa Julai, dada yangu mkubwa alinipigia simu kutoka Donholm, mashariki mwa Nairobi, akaniambia kwamba samaki wake amelala chini ya tangi, ubavu umeegemea gogo, na kwamba haelewi kwa nini, maana jana yake jioni ndipo alipombadilishia maji. Yeye aliyataja maji mapya kama ushahidi kwamba hakuzembea. Mimi niliyasikia kama mwanzo wa jibu, kwa sababu katika miaka yangu ya kufuga nimekwisha kuona zaidi ya mara moja samaki aliyestahimili uchafu kwa wiki nyingi akazidiwa usiku ule ule wa kusafishiwa. Nilichukua kisanduku changu cha vipimo, nikatoa sifongo moja kwenye chujio la tangi langu la nyumbani, nikaitia kwenye mfuko pamoja na maji yake, nikatoka.

Samaki mwenyewe ni beta dume wa aina ambayo wafugaji wa Thailand waliikuza kwa kuchagua wazazi wakubwa kizazi baada ya kizazi. Mimi humwita beta pandikizi, kwa kuwa ndivyo Kiswahili kinavyomtaja yeyote aliyewazidi wenzake kimo. Si spishi nyingine. Ni *Betta splendens* yule yule aliyeelezwa kisayansi na Charles Tate Regan mwaka 1910, ambaye kwao huitwa *pla kat*, yaani samaki anayeuma, na ambaye serikali ya Thailand ilimtangaza mwaka 2019 kuwa mnyama wa majini wa taifa. Beta dume wa kawaida huwa wa sentimita 5 au 6. Pandikizi hufika 9, 10, na wengine huzidi hapo.

Wa dada yangu nilikuwa nimempima miezi miwili kabla, kwa rula niliyoibandika nje ya kioo, nikapata sentimita 9 kutoka mdomoni hadi ncha ya mkia. Mpwa wangu, mtoto wa dada, ana beta wa kawaida katika tangi lake dogo chumbani, mkia mfupi vile vile, naye ni sentimita 5.5. Tofauti hiyo kwa macho ni upana wa vidole viwili, lakini uzito haufuati urefu peke yake. Mwili unaorefuka mara 1.6 na kubaki na umbo lile lile hupanuka na kuinuka kwa kiasi hicho hicho, na 1.6 × 1.6 × 1.6 ni zaidi kidogo ya 4. Kwa anayetazama, tangi la sebuleni lilikuwa na samaki mmoja. Kwa chujio lilikuwa na wanne. Naomba msomaji asilipite jambo hili haraka, kwa sababu karibu kila ushauri anaopewa mnunuzi wa pandikizi, kuhusu ukubwa wa chombo, kiasi cha chakula na siku za kubadilisha maji, ni ushauri uliopimwa kwa mwili wa beta wa kawaida.

Tangi lilikuwa la lita 40, lenye chujio la sifongo linaloendeshwa na pampu ya hewa, hita ya wati 50 iliyowekwa kwenye nyuzi 26, gogo, mimea michache iliyofungwa kwenye gogo hilo, na majani makavu ya mti wa mkungu ambayo dada huyaokota kila anapokwenda Mombasa. Majani hayo hutumiwa na wafugaji wa beta huko Asia pia. Huyapa maji rangi ya chai na kuyaongezea asidi kidogo, na samaki hutulia. Sina neno nayo. Ila rangi ya chai huficha mengi, na kwa wiki 11 hakuna aliyeweza kuona kwa jicho jinsi maji ya tangi lile yalivyokuwa yakizeeka.

Wiki 11 zilikuwa za mgao. Mfereji ulikuwa ukitoa maji siku mbili kwa wiki, mara nyingi usiku, na maji hayo yalikwenda kwanza jikoni na bafuni kama inavyostahili. Samaki alikuwa akijaziwa tu kile kilichopotea kwa mvuke, lita nne au tano kwa wiki. Jumamosi ile majirani walichangishana wakaleta boza la maji ya kisima kirefu, mapipa yakajaa, na dada, ambaye dhamiri ilikuwa ikimsuta kwa muda wote huo, akaona kwanza amtendee haki samaki. Alitoa lita 20 za maji ya zamani, akatia lita 20 za kisima zilizopashwa moto hadi joto lililofaa, zikiwa zimetiwa dawa ya kuondoa klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Alifanya kazi kwa uangalifu. Sioni mahali ambapo ningemwambia kwamba alikuwa mvivu au mzembe.

Nilipofika samaki alikuwa amepanda juu, amejibana kati ya hita na kioo, mapezi yote yamefungwa kama mwavuli uliokunjwa. Kila baada ya sekunde chache alinyanyua mdomo akameza hewa, kisha akazama kidogo kana kwamba tendo lenyewe limemchosha. Vifuniko vya matamvua havikuwa vikifunga. Vilibaki wazi kiasi cha unene wa sarafu, na ndani yake palionekana pekundu sana, wekundu wa nyama iliyochubuka. Nilihesabu pumzi za matamvua kwa saa ya mkononi, nikapata 112 kwa dakika. Nikaenda chumbani kwa mpwa wangu nikahesabu za beta wake mdogo: 58. Nilizima taa nikammulika yule mkubwa kwa tochi kutoka pembeni, nikitafuta vumbi la dhahabu linaloashiria vimelea vya ngozi, halafu utando mweupe, halafu magamba yaliyosimama. Sikuona hata kimoja.

Kufikia hapo maelezo matatu yalikuwa yamekwisha kutolewa. Dada aliamini kwamba boza lilikuwa na klorini nyingi kuliko dawa ilivyoweza kuondoa. Jirani aliamini kwamba ni ugonjwa, na kwamba ungetokea hata bila maji mapya. Muuza samaki, aliyeulizwa kwa simu, alisema beta huvuta hewa ya juu na hivyo maji hayawezi kumsumbua kiasi hicho. Akashauri chumvi, dawa ya bluu, na kumwacha gizani siku tatu.

Aliyelifungua fumbo ni mtoto wa miaka tisa. Alikuwa amesimama mlangoni muda wote akitusikiliza, akauliza, “Mjomba, mbona wangu hajaugua? Mama alitubadilishia maji yale yale.”

Ilikuwa kweli. Jumamosi ile ile, kutoka pipa lile lile, kwa dawa ile ile, tangi dogo nalo lilikuwa limebadilishiwa nusu ya maji, na samaki wake alikuwa akizunguka akiomba chakula. Kama sumu ingekuwa ndani ya maji ya boza, mdogo angeumia pia. Basi tofauti haikuwa katika maji yaliyoingia, ilikuwa katika maji yaliyokuwamo tayari. Tangi la mtoto ni la lita 12 tu, na kwa sababu hiyo ndoo moja ya mfereji ilitosha kulibadilishia kila wiki hata wakati wa mgao. Lile kubwa ndilo lililosubiri.

Nikamuuliza dada aliyamwaga wapi maji ya zamani. Hakuyamwaga. Nyumba iliyozoea mgao haimwagi maji, na zile lita 20 zilikuwa bafuni ndani ya ndoo iliyofunikwa, zikisubiri kutumiwa chooni. Kama wangeishi mtaa wenye maji ya kutosha, ushahidi wote ungekuwa umekwisha kupita kwenye bomba la taka.

Niliipima ndoo kwanza. Kipimo cha pH, yaani cha ukali wa asidi, ambapo namba ikishuka asidi huzidi, kilitoa njano ya mwisho kwenye kadi, ambayo maana yake ni 6.0 au chini ya hapo. Amonia, yaani taka ambayo samaki hutoa mwilini, ilitoa kijani iliyokolea, miligramu 4 kwa lita. Kipimo cha ukaboneti, yaani akiba ya madini yanayozuia maji yasigeuke asidi, kilibadilika rangi kwa tone la kwanza kabisa. Kwa maneno mengine akiba ilikuwa imekwisha. Kisha nikapima tangi: pH 8.0, amonia 2. Maji ya pipa yalikuwa na pH 8.4 na hayakuwa na amonia hata kidogo. Kwa anayesoma namba hizi haraka, dada alikuwa amefanya vyema, kwani amonia ilishuka kutoka 4 hadi 2. Samaki alikuwa akifa katika maji ambayo kipimo kilidai kuwa safi mara mbili kuliko ya jana.

Jambo ambalo matone ya kipimo hayaonyeshi ni kwamba amonia ndani ya maji huwa na sura mbili. Sehemu moja ni amonia yenyewe, ambayo hupenya matamvua na kuyaunguza. Sehemu nyingine imeshika chembe ya haidrojeni ikawa amoniamu, ambayo kwa samaki haina madhara makubwa. Kipimo cha kawaida huzijumlisha zote. Kinachoamua mgawanyo wake ni pH na, kwa kiasi kidogo, joto. Katika nyuzi 26, maji ya pH 6.0 huwa na chini ya asilimia 0.1 ya sumu katika jumla yake. Maji ya pH 8.0 huwa na takriban asilimia 6. Kwa hiyo katika tangi la zamani sumu halisi ilikuwa kama miligramu 0.0025 kwa lita, na baada ya kusafishwa ikawa kama 0.12. Jumla ilipungua kwa nusu, sumu ikaongezeka zaidi ya mara 40, na yote hayo kwa muda wa kumimina ndoo mbili. Wataalamu wa afya ya samaki huchukulia kwamba madhara kwenye matamvua huanza karibu na 0.05.

Hapa ndipo kauli ya muuza samaki inapodai jibu la heshima lakini la wazi, kwa sababu imeua beta wengi. Ni kweli kwamba beta ana kiungo juu ya matamvua, kilichokunjamana kama uyoga mkavu, kinachomwezesha kutumia oksijeni ya hewa. Lakini kiungo hicho huingiza oksijeni tu; amonia inayotengenezwa mwilini kutokana na protini hutolewa kwa matamvua, kama kwa samaki wengine. Amonia ya nje inapozidi, ile ya ndani haipati pa kutokea, nayo hurundikana katika damu. Beta anayemeza hewa juu ya maji yenye amonia anaweza kuonekana anapumua vizuri huku damu yake ikijaa sumu, na uwezo wake wa kutokufa haraka ndio unaomfanya mwenye nyumba aamini kwamba hana shida.

Swali lililobaki ni jinsi tangi lilivyofika pale, na sehemu hii ndiyo inayomhusu pandikizi hasa. Maji ya mfereji ya Nairobi yanatoka kwa wingi katika vyanzo vya milima ya Aberdare, pamoja na bwawa la Ndakaini, na ni maji laini, yenye madini machache. Nilipoyapima kwa dada yalikuwa na akiba ya ukaboneti ya miligramu 36 hivi kwa lita. Ya visima virefu vya jiji hili ni kinyume chake: yamekaa ndani ya miamba ya volkano, yana sodiamu na bikaboneti nyingi, na pH yake mara nyingi hupita 8. Yote mawili huitwa maji safi, na kwa binadamu anayeoga tofauti yake ni povu la sabuni tu.

Ndani ya chujio wamo bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati. Kazi hiyo huzalisha asidi, na asidi hula akiba: kila miligramu 1 ya nitrojeni inayogeuzwa hutumia takriban miligramu 7 za ukaboneti. Tufanye hesabu ya kukadiria. Gramu 1 ya chakula chenye protini asilimia 40 hutoa karibu miligramu 37 za nitrojeni ya amonia. Dada alikuwa akimpa punje kumi asubuhi na kumi jioni, pamoja na omena iliyopondwa, kwa jumla karibu nusu gramu kwa siku. Hizo ni miligramu 18 ndani ya lita 40, yaani 0.45 kwa kila lita kila siku, ambazo zingekula ukaboneti wa miligramu 3 na ushei kwa siku. Akiba ya 36 haifiki wiki mbili. Beta wa kawaida anayekula robo ya hicho angekwenda karibu mwezi mmoja na nusu kabla ya kufika ukingoni, na hiyo ndiyo sababu desturi ya “badilisha ukikumbuka” huwafaa wafugaji wengi hadi siku wanaponunua pandikizi.

Akiba ikiisha pH huporomoka, na ikishuka chini ya 6.5 bakteria wale wale hulegea. Karibu na 6.0 kazi yao husimama. Kuanzia hapo amonia inarundikana bila kuguswa, isipokuwa kiasi kinachonyonywa na mimea. Na kwa kuwa asidi imeigeuza karibu yote kuwa amoniamu, samaki haonyeshi dalili. Anakula, anajenga viota vyake vya mapovu, anamtishia mpwa wangu kwa kupanua matamvua kila anapopita. Tangi linakuwa kama nyumba iliyojaa mafuta ya taa: hakuna kinachowaka mpaka mtu mwema alete taa aone vizuri.

Itasemwa, na imesemwa, kwamba huenda aliumizwa na mruko wa pH wenyewe, kutoka 6 hadi 8, bila kuhusisha amonia. Siwezi kukataa kwamba mruko ulichangia. Lakini kilichotokea tulipomhamisha kinanishawishi kwamba haukuwa chanzo kikuu. Nilichanganya maji ya mfereji yaliyobaki kwenye mtungi na kidogo ya kisima hadi nikapata pH 7.2, nikayafikisha nyuzi 26 kwa maji ya chupa ya chai, nikayajaza katika sanduku la plastiki la lita 25, nikatia ile sifongo niliyokuja nayo. Nilimchota kwa bakuli, si kwa wavu, kwa sababu wavu humparuza na pandikizi aliyeshtuka huruka. Huo nao ulikuwa mruko, wa karibu pH moja nzima kushuka chini, na kama miruko ndiyo iliyomuumiza angezidiwa. Badala yake, baada ya saa mbili pumzi zilishuka hadi 84, na saa kumi jioni alifungua pezi la mgongo kwa mara ya kwanza. Amonia ya sanduku ilikuwa sifuri. Matamvua yalipata pa kutolea.

Chumvi na dawa ya bluu hatukutumia. Kwa samaki ambaye shida yake ni maji, kila dawa ni mzigo mwingine juu ya matamvua yaliyochubuka, na dawa ya bluu ingeua bakteria wa sifongo ambao ndio pekee waliokuwa wakimsaidia. Tulifunika sanduku kwa kipande cha kadibodi, tukabadilisha lita tano kila jioni, na hakupewa chakula hadi siku ya tatu, alipopewa punje mbili akazikamata juu ya maji kabla hazijalowa.

Tangi la zamani lilichukua muda zaidi. Lingeweza kuoshwa lote na kuanzishwa upya, lakini dada hakutaka kupoteza mimea, nami niliona bakteria waliolala wanaweza kuamshwa. Kila siku tuliondoa lita nne na kutia lita nne za mchanganyiko: sehemu tatu za mfereji na moja ya kisima. Tulining'iniza kwenye mkondo wa chujio mfuko wa wavu wenye konzi moja ya makombe ya chaza yaliyosagwa, yale yanayouzwa kwa wafugaji wa kuku wa mayai, ambayo huyeyuka zaidi maji yakiwa na asidi na kutulia yasipokuwa nayo. Siku ya 9 amonia ilikuwa sifuri, lakini nitriti ilikuwa imepanda. Siku ya 17 nayo ilikwisha. Ndipo samaki aliporudishwa.

Mgao haujaisha, na ratiba ilibidi iufuate huo mgao. Dada sasa ana mtungi wa lita 20 ulioandikwa kwa kalamu nene neno “BETA”, unaojazwa siku ya kwanza ya maji kabla ya jikoni, na kila Jumamosi lita 10 hutoka na lita 10 huingia. Punje zimepungua hadi sita asubuhi na sita jioni, omena mara moja kwa wiki, na siku moja ya kufunga. Anatafuta tangi la lita 75, nami nimemhimiza asichelewe, kwa sababu samaki bado anakua. Kama itatokea tena kwamba wiki zimepita bila kubadilisha, tumekubaliana kwamba atapima pH ya tangi na ya maji mapya kwanza, na zikitofautiana sana atabadilisha lita mbili tu kwa siku, hata kama maji yatakuwa mengi mapipani na moyo wake unamtuma amalize kazi yote siku hiyo.

Nilimtazama tena wiki iliyopita. Pumzi 62 kwa dakika, mkia umejaa, rangi ya bluu imerudi hadi mashavuni. Kifuniko cha tamvua la kushoto hakifungi sawasawa. Kimeacha uwazi mwembamba ambao sidhani utaziba. Mpwa wangu ndiye anayeandika vipimo siku hizi, katika daftari la hesabu lililofungwa kwa uzi karibu na tangi, na ameweka safu ya tatu ambayo sikumwagiza: kando ya pH na amonia ya tangi, hupima na kuandika za ndoo pia.